SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: KUCHAGUA HARO YA SAHANI INAYOLINGANA NA TREKTA LA CHAMA

Shabaha ya somo

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya makatibu, wajumbe wa kamati na wanachama wa vyama vya Mbulumbulu na jirani zake, ambao wanalo trekta la ukubwa wa wastani, yaani lenye nguvu farasi kati ya 60 na 80, na wanafikiria kununua haro ya sahani. Mwanachama atakayelisoma hadi mwisho ataweza kukadiria upana na uzito wa haro ambao trekta lake linauweza, kuijaribu haro shambani kabla ya kulipa, na kuuliza maswali yanayofaa katika mkutano mkuu. Inafaa katibu alisome kwa sauti mbele ya kikundi, sehemu moja moja, na kila sehemu ijadiliwe kabla ya kuendelea.

1. Haro iliyolala chini ya mti

Miaka michache iliyopita nilikwenda kukagua hesabu za chama kimoja cha msingi katika nyanda zetu hizi za juu. Katika daftari la mali niliona haro moja ya kukokotwa, yenye sahani 28, iliyonunuliwa kwa mkopo. Nilipoomba nionyeshwe, nilipelekwa nyuma ya ghala. Haro ilikuwa imelala chini ya mti, majani yamepenya katikati ya sahani, na rangi ya kiwandani ilikuwa bado inang'aa mahali pengi. Kwa mashine iliyokwisha kupita misimu mitatu, rangi hiyo ilinipa wasiwasi zaidi ya kutu.

Nilisoma muhtasari wa kamati. Wajumbe walikuwa wamekwenda mjini wakaonyeshwa haro mbili. Moja ilikuwa ndogo, ya kunyanyuliwa na mikono ya trekta, yenye sahani 20. Nyingine ndiyo hii ya sahani 28. Waligawanya bei kwa idadi ya sahani, wakaona kwamba katika ile kubwa kila sahani inapatikana kwa bei nafuu zaidi, tena itamaliza shamba upesi. Wakaichagua. Katika kurasa zote za muhtasari ule hapakuandikwa hata mara moja nguvu ya trekta la chama, wala mteremko wa mashamba ya wanachama, wala uzito wa haro yenyewe.

Yaliyofuata ni rahisi kuyakisia. Katika msimu wa kwanza trekta lilishindwa kuivuta haro hiyo kwa gia ya kawaida. Dereva akaipunguza pembe ya sahani ili zisikate sana, akatumia gia ya chini kabisa, na bado magurudumu yakateleza. Klachi iliungua kabla ya nusu ya msimu. Chini ya theluthi moja ya ekari zilizoandikishwa ndizo zilizohudumiwa, na wanachama waliokuwa wamelipa mapema walipanda wakiwa wamechelewa. Mkopo ulibaki pale pale. Mzee mmoja mwanachama aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Tuliuliza bei ya haro, mwanangu. Trekta hatukuliuliza kitu."

Hakuna aliyeiba fedha katika jambo hili. Hesabu zilikuwa safi na stakabadhi zote zilikuwapo. Hasara ilitokana na uchaguzi mbaya tu, nayo iliwaumiza wanachama sawasawa na wizi.

Kosa la namna hii si geni katika nchi yetu. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa. Matrekta na zana nzito zilikusanywa kabla udongo haujafahamika vema. Udongo ule ulikula vyuma vya majembe upesi mno, na wakati wa kiangazi ulikauka ukawa kama tofali. Mwaka 1951 mpango uliachwa, baada ya mamilioni ya pauni kupotea. Kama serikali kubwa iliweza kuanguka kwa kununua zana kwanza na kuuliza udongo baadaye, chama cha msingi hakina budi kuwa na hadhari zaidi.

2. Kazi ya haro, na hali ya mashamba yetu

Haro ya sahani ni safu za sahani za chuma zilizopangwa katika shafti, nazo hukata ardhi kwa kuzunguka zinapovutwa. Kazi zake kubwa ni tatu: kuvunja mabonge baada ya plau kupita, kukata mabua na magugu na kuyachanganya na udongo, na kutayarisha kitalu cha mbegu. Haro nzito yaweza pia kukatua shamba ambalo halijapigwa plau, hasa lile lililovunwa ngano au shayiri.

Wakulima wa Mbulumbulu si wageni wa trekta. Tangu miaka ya 1950 wakulima wa hapa walijipatia matrekta kwa ajili ya ngano, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Upper Kitete ilichaguliwa kuwa moja ya makazi mapya ya kilimo cha pamoja, na ngano ililimwa huko kwa mashine. Kwa hiyo mashamba yetu mengi yamekwisha kupitiwa na sahani kwa miaka mingi sana.

Mambo manne ya mahali petu yanahusu uchaguzi wa haro moja kwa moja:

(a) Udongo. Sehemu kubwa ni udongo wa asili ya volkano, wenye rutuba. Ukiwa na unyevu wa kadiri hukatika vizuri. Ukilowa sana hunata katika sahani, na ukikauka huwa mgumu.

(b) Mteremko. Mashamba mengi yameinama, na makorongo yanayoongezeka ni ushahidi kwamba maji ya mvua yanaondoka na udongo wetu.

(c) Tabaka gumu. Kupiga sahani kila mwaka kwa kina kile kile hugandamiza udongo ulio chini ya sahani mpaka ukawa kama sakafu. Mizizi hujipinda, na maji hushindwa kuzama.

(d) Kimo cha nchi. Tupo mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Wengi hawalihesabu jambo hili, nalo hulipunguzia trekta nguvu, kama tutakavyoona sasa.

3. Nguvu iliyoandikwa na nguvu inayofika shambani

Trekta likiandikwa nguvu farasi 75, hiyo ni nguvu ya injini ilipopimwa kiwandani. Nguvu inayoivuta haro ni ndogo zaidi, kwa sababu zifuatazo.

Kwanza, injini isiyo na taba hupoteza kiasi cha asilimia 1 ya nguvu yake kwa kila mita 100 za kimo, kwa sababu ya upungufu wa hewa. Katika shamba lililo mita 1,700 upungufu ni kama asilimia 17. Nguvu 75 zinakuwa 62. Injini yenye taba haipungui kiasi hicho.

Pili, nguvu nyingine hupotea katika gia na katika magurudumu yanayotembea juu ya udongo laini. Katika shamba lililokwisha kupigwa plau, nguvu inayobaki kwa kuvuta ni takriban nusu tu ya ile iliyomo katika injini. Nguvu 62 zinakuwa 31.

Tatu, katika kupanda mlima trekta hujivuta lenyewe na kuvuta uzito wa haro, mbali na kazi ya kukata udongo. Katika mteremko wa 1 kwa 10, yaani unaopanda mita 1 kwa kila mita 10, nguvu ya kupandisha ni sehemu ya kumi ya uzito wote.

Ili kupata kilo ambazo trekta laweza kuvuta, tumia kanuni hii:

Nguvu farasi ya kuvuta × 270 ÷ mwendo wa kilomita kwa saa = kilo za kuvuta.

Kwa mwendo wa kilomita 7 kwa saa, ambao ni mwendo mzuri wa haro, 31 × 270 ÷ 7 ni kama kilo 1,200. Usizitumie zote. Acha sehemu moja ya tano kuwa akiba, kwa ajili ya sehemu ngumu za shamba na uchakavu wa injini. Zinabaki kilo 960.

4. Mambo ya kuchunguza katika haro

(a) Uzito kwa kila sahani. Hiki ndicho kipimo cha kwanza. Chukua uzito wa haro nzima, gawanya kwa idadi ya sahani. Kwa kukadiria, chini ya kilo 35 kwa sahani ni haro nyepesi, ya kulainisha shamba lililolimwa. Kilo 35 hadi 60 ni haro ya wastani. Zaidi ya 60 ni haro nzito, ya kukatulia. Plau huvutwa chini na umbo la jembe lake, lakini haro huzama kwa uzito wake na kwa pembe ya sahani zake. Haro nyepesi katika udongo mkavu hukwaruza tu juu, na haro nzito nyuma ya trekta dogo haiendi.

(b) Kipenyo cha sahani. Sahani hukata vizuri hadi kina cha robo moja ya kipenyo chake. Sahani ya sentimita 61 hufika kama sentimita 15. Ya sentimita 51 hufika kama 12 au 13. Kwa mashamba yetu yenye mabua ya mahindi, sentimita 56 au 61 zinafaa.

(c) Nafasi kati ya sahani. Nafasi ya sentimita 18 hulainisha zaidi. Nafasi ya sentimita 23 hupitisha mabua vizuri zaidi na haizibi upesi. Upana wa haro hupatikana kwa kuhesabu nafasi za safu moja, wala si sahani zote. Haro ya sahani 20 ina sahani 10 katika safu, yaani nafasi 9. Nafasi 9 za sentimita 23 ni sentimita 207, au kama mita 2.

(d) Sahani zenye mapengo na zisizo na mapengo. Zenye mapengo pembeni hukata mabua na kuzama vizuri zaidi, lakini huchakaa upesi. Zisizo na mapengo hudumu na husawazisha. Mpango mzuri ni safu ya mbele yenye mapengo, na ya nyuma isiyo nayo.

(e) Mpangilio wa safu. Iko haro yenye safu mbili, moja nyuma ya nyingine, zinazotazamana kwa pembe. Ya mbele hutupa udongo upande mmoja, na ya nyuma huurudisha. Iko pia yenye safu nne, mbili mbele na mbili nyuma. Hii ya pili husawazisha vizuri na haivuti upande, ila yaweza kuacha ukanda usiokatika katikati. Ile ya safu mbili ni imara kwa mabua mengi, lakini lazima irekebishwe vema isilivute trekta upande.

(f) Ya kunyanyuliwa au ya kukokotwa. Ya kunyanyuliwa hufungwa katika mikono mitatu ya nyuma ya trekta. Hugeuka mahali padogo na husafiri njiani bila taabu, na kwa mashamba ya ekari tatu tatu ya wanachama hiyo ni faida kubwa. Lakini uzito wake wote huning'inia nyuma. Pimeni kama haidroliki inainyanyua, na kama gurudumu la mbele linabaki limeshika ardhi wakati wa kupanda mlima. Likiwa jepesi, ongezeni vyuma vya uzito mbele. Haro nzito ya kukokotwa hufaa mashamba makubwa na trekta kubwa. Kama haina magurudumu yake ya kusafiria, itakata barabara na kujimaliza yenyewe.

(g) Beringi, vikwangua na vipuri. Inua safu na uitikise, isicheze. Tazama kama kila sahani ina kikwangua, maana udongo wetu mwekundu hunata. Uliza sahani na beringi za aina hiyo zinapatikana wapi karibu. Haro ya bei nafuu ambayo beringi yake haipatikani Karatu wala Arusha itakuja kuwa ghali katikati ya msimu.

5. Mfano wa hesabu

Tuchukue trekta letu la nguvu farasi 75, lenye uzito wa kilo 3,000, katika shamba lililo mita 1,700. Tuchukue haro ya kunyanyuliwa yenye sahani 20 za sentimita 61, uzito wa kilo 800. Kila sahani inabeba kilo 40, kwa hiyo ni haro ya wastani. Upana wake ni kama mita 2.

Kwa makadirio ya kina cha sentimita 10 katika udongo wa mfinyanzi, kila mita moja ya upana huhitaji kama kilo 300 za kuvuta katika shamba lililopigwa plau, na kama kilo 500 katika shamba lisilopigwa plau.

Shamba tambarare: tunazo kilo 960. Katika shamba lililolimwa, 960 ÷ 300 ni mita 3.2. Katika shamba lisilolimwa, 960 ÷ 500 ni mita 1.9.

Mteremko wa 1 kwa 10, trekta likipanda: uzito wote ni kilo 3,800, na sehemu yake ya kumi ni kilo 380. Katika kilo 1,200 zinabaki 820. Tukiacha akiba ya moja ya tano, zinabaki kama 650. Katika shamba lililolimwa, 650 ÷ 300 ni mita 2.2. Katika shamba lisilolimwa, 650 ÷ 500 ni mita 1.3.

Tunajifunza nini? Haro ya mita 2 inalifaa trekta hili katika shamba lililolimwa, hata penye mteremko. Katika shamba tambarare lisilolimwa iko ukingoni mwa uwezo. Katika mteremko usiolimwa, trekta halitaiweza kama dereva atapanda na kushuka. Lakini akifuata kontua, yaani akitembea kwa kukingama mteremko, zile kilo 380 za kupandia mlima hazitahitajika. Kwa hiyo desturi hiyo hiyo inayozuia udongo kuondoka na maji ndiyo inayolipunguzia trekta mzigo na chama mafuta. Penye mteremko mkali sana wa kutishia kupindua trekta, haro isipelekwe kabisa.

Sasa tazameni ile haro ya sahani 28. Ina sahani 14 katika safu, yaani nafasi 13, au mita 3. Hata katika shamba tambarare lisilolimwa, kwa kina cha sentimita 10 tu, ilihitaji kilo 1,500. Trekta lilikuwa na 960.

Wengine husema, "Tutatembea polepole." Hesabu inakataa. Haro ya mita 3 kwa mwendo wa kilomita 3.2, ukitoa robo ya muda kwa kugeuka na kusimama, hufanya kama ekari 1.8 kwa saa. Haro ya mita 2 kwa kilomita 7, kwa kutoa robo ile ile, hufanya kama ekari 2.6 kwa saa. Haro kubwa ilifanya kazi ndogo, tena mbaya, kwa kuwa sahani huhitaji mwendo ili zivunje na kuutupa udongo.

6. Kujaribu kabla ya kulipa

Muuzaji mwaminifu hatakataa haro ijaribiwe. Ijaribuni katika shamba la mwanachama, siyo katika uwanja wa duka, kwa trekta la chama lenyewe na dereva wa chama.

Mwendo: pimeni mita 100 kwa kamba. Trekta likizipita kwa sekunde 51, mwendo ni kilomita 7 kwa saa. Likitumia sekunde 60, ni kilomita 6. Likizidi dakika moja na nusu, haro hiyo ni kubwa mno.

Kuteleza kwa magurudumu: tieni alama ya chokaa katika gurudumu la nyuma. Haro ikiwa imenyanyuliwa, pimeni umbali wa mizunguko 10. Kisha rudieni haro ikiwa inakata. Tuseme mara ya kwanza ni mita 46, na mara ya pili ni mita 40. Tofauti ni 6. 6 katika 46 ni asilimia 13. Hadi asilimia 15 ni sawa. Ikizidi 20, mnateketeza mafuta na matairi.

Kina: chimbeni mahali pasipopungua vitano katika upana wa haro, mpime kwa rula. Kina kisitofautiane sana kati ya upande na upande.

Mteremko: shikeni kamba ya mita 10 iliyonyooka sawa kama maji yaliyotulia, ncha moja ikigusa ardhi upande wa juu. Pimeni kutoka ncha ya pili hadi chini. Kama ni mita 1, mteremko ni 1 kwa 10.

Jaribio lisifanywe wakati udongo umelowa mno. Chukua udongo kiganjani na uufinyange. Ukivutika kama uzi, subirini. Ukivunjika kwa kubonyezwa kidogo, uko tayari.

Kama chama kina shaka juu ya aina ya zana, kituo cha CAMARTEC kilichopo Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1981, kinahusika na upimaji wa zana za kilimo. Kuuliza kabla ya kununua ni nafuu kuliko kutengeneza baadaye.

Jambo moja la usalama: mtu yeyote asiruhusiwe kukaa juu ya haro ili kuiongezea uzito. Watoto hupenda sana, na madereva wengine hufumba macho. Anayeanguka mbele ya sahani haponi. Uzito ukihitajika, vifungwe vyuma au mawe katika sehemu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

7. Hesabu za chama

Gharama ya haro haiishi dukani. Tuseme, kwa mfano tu, haro imenunuliwa kwa sh. 8,000,000, itatumika miaka 8, na mwisho itauzwa chuma chakavu kwa sh. 800,000. Uchakavu wa kila mwaka ni sh. 900,000. Ongeza sh. 500,000 za beringi, sahani na grisi. Jumla ni sh. 1,400,000 kwa mwaka. Ikihudumia ekari 700, kila ekari hubeba sh. 2,000. Ikihudumia ekari 200 tu, kila ekari hubeba sh. 7,000. Mafuta, dereva, trekta na riba ya mkopo bado hazijahesabiwa.

Kwa hiyo kabla ya kununua, katibu aandikishe ekari za wanachama waliokwisha kuahidi kwa maandishi, wala asikadirie kwa macho. Kisha ahesabu siku zilizopo kati ya kuandaa shamba na kupanda. Haro ya ekari 2.6 kwa saa, ikifanya kazi saa 8, itahudumia kama ekari 20 kwa siku. Kama siku njema za kazi ni 20, basi ni ekari 400 kwa msimu. Chama kisipokee fedha za ekari 600.

Mkopo usizidi ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Muhtasari wa kikao cha ununuzi uonyeshe mambo sita: nguvu ya trekta, uzito wa haro, idadi na kipenyo cha sahani, upana, matokeo ya jaribio la shambani, na mahali pa kupata vipuri. Mkaguzi akija, hiyo ndiyo karasa atakayoitafuta kwanza.

Baada ya kununua, dereva awe na daftari la kila siku: saa, ekari, mafuta, na matengenezo. Siku za mwanzo nati za shafti zikazwe kila jioni, maana safu ikilegea sahani hupasuka. Grisi itiwe kila siku ya kazi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

8. Haro isiwe adui wa ardhi

Ndugu wanachama, yafaa tuseme ukweli. Haro inayolingana na trekta yaweza bado kuliharibu shamba, kama itatumiwa vibaya. Wengi wetu tumezoea kulipenda shamba lililolainika kama unga. Katika mteremko, unga huo ndio unaoondoka na mvua kubwa ya kwanza. Marekani, katika miaka ya 1930, nyanda kubwa za ngano ziligeuka mavumbi yaliyopeperushwa na upepo. Ukame ulikuwa mkali, lakini ardhi ilikuwa imeachwa wazi na kusagwa mno kwa zana za sahani.

Kwa mahindi, mabonge ya ukubwa wa yai hayana madhara, na hata makubwa kidogo hulinda udongo. Kwa ngano na shayiri kitalu kiwe laini zaidi, lakini kupita mara moja au mbili kunatosha. Kila mara ya ziada ni mafuta yaliyopotea na udongo uliolegezwa bure. Mabua yasizikwe yote. Yabaki kiasi juu ya ardhi. Ngwara iliyopandwa kati ya mahindi hufunika shamba na kuongeza rutuba, nayo ina soko.

Msidhani pia kwamba haro nzito itavunja lile tabaka gumu. Haro hupita juu yake, na huzidi kuligandamiza. Chimbeni shimo la kina cha sentimita 40, mchome ukuta wake kwa kisu kutoka juu kwenda chini. Mahali kisu kinapogoma ndipo lilipo tabaka. Dawa yake ni ripa, yaani jembe la meno marefu, lipitishwe ardhi ikiwa kavu, kisha maji na mizizi yapate njia. Kama tatizo la mashamba yenu ni tabaka hilo, huenda fedha za haro zikafaa zaidi kukodi ripa kwanza. Mkutano mkuu ulijadili hilo pia.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Trekta la chama chenu lina nguvu farasi ngapi? Baada ya kutoa upungufu wa kimo, zinabaki ngapi? Ngapi zinafika katika kuvuta?

2. Pimeni mteremko wa mashamba matatu ya wanachama. Hesabuni upana wa haro unaofaa kila shamba, likiwa limelimwa na likiwa halijalimwa.

3. Haro yenye sahani 16 ina uzito wa kilo 480, na nafasi kati ya sahani ni sentimita 23. Ni nyepesi, ya wastani au nzito? Upana wake ni kiasi gani? (Kidokezo: safu moja ina nafasi 7.)

4. Ni ekari ngapi ambazo wanachama wameahidi kwa maandishi? Haro mnayoikusudia yaweza kuzimaliza kabla ya kupanda?

5. Chimbeni shimo katika shamba moja mtafute tabaka gumu. Je, chama chenu kinahitaji haro, au kinahitaji ripa?

Majibu yaandikwe katika daftari la kikundi, na katibu ayasome katika mkutano mkuu kabla ya fedha yoyote kutoka.